Mwavita ao Neema?



Leo tunaongea juu ya jambo linaloonekana kuwa dogo. Baba mmoja na bibi yake wamepata binti. Mtoto alizaliwa mwezi wa 12 mwaka 2025, wakati vita ilipoingia Uvira na maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Mama alishikwa na uchungu njiani, mzigo ungali kichwani. Tunamshukuru Mungu, mtoto ni mzima. Lakini nyumbani hakuna mapatano. Baba anasema binti ataitwa Mwavita. Mama anasema ataitwa Neema.

Msifikiri baba ni mtu mkali. Mama yake mzazi aliitwa Mwavita, kwa kuwa alizaliwa mwaka 1964, wakati waasi walipouteka mji wa Uvira. Huyo mama aliuza ndagala pale Kalundu miaka mingi, akalisha watoto wake na kuwasomesha kwa ndagala, kisha akalala katika Bwana. "Mimi nikisema Mwavita," asema baba, "sisikii bunduki. Namsikia mama." Naye mama wa mtoto anajibu: "Mimi nikisema Mwavita, naiona ile njia. Nitamwita mtoto mara ngapi kwa siku?"

Nani ana haki? Wote wawili. Kama mmoja wao angekuwa mwovu, shauri lingeisha upesi.

Kando ya ziwa hili tuna majina mengi ya namna hii: Machozi, Tabu, Mateso, Sikujua. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Wengi wao hawakuwa na daftari la kuandika yaliyowapata, wakayaandika juu ya watoto wao. Ukikutana na Mwavita, muulize mwaka wake. Mmoja atakuambia 1964, mwingine 1996, mwingine 1998, nawe utajua ni vita ipi. Kusahau ni hatari, na anayetaka tufute majina hayo yote anataka tusiwe na ushuhuda.

Hata hivyo, tusome 1 Samweli 4. Wafilisti walichukua Sanduku la Agano. Eli akaanguka akafa, na mwana wake Finehasi akauawa. Bibi ya Finehasi akashikwa na uchungu, akazaa mwana, akamwita Ikabodi, kwa maana utukufu umeondoka katika Israeli. Kisha akafa. Nani atamlaumu mama huyo? Alisema kweli ya siku ile. Lakini endeleeni kusoma mpaka sura ya 6. Baada ya miezi saba Sanduku lilirudi. Watu wa Beth-shemeshi waliokuwa wakivuna ngano waliinua macho, wakaliona, wakafurahi. Sanduku lilirudi, lakini yule mtoto alibaki Ikabodi. Msiba wa miezi saba aliubeba maisha yake yote.

Hapo ndipo penye fundisho. Msiba una mwisho, jina halina. Aliyeona msiba anaweza kupona, lakini aliyepewa jina lake anaitwa kwalo asubuhi na jioni, wala yeye hakuona kitu.

Wengine wanasema: waandike majina yote mawili, leta inakubali. Ni kweli, karatasi zetu zinabeba hata majina matatu. Lakini karatasi haimwiti mtoto kuja kula. Tulijifunza hayo mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo. Katika karatasi Maria na Yosefu walitoweka, lakini katika nyumba nyingi waliendelea kuitwa vilevile. Na serikali ilipoyaachilia tena mwaka 1990, yalitoka nje kama watu waliokuwa wamejificha. Karatasi inaweza kubeba majina matatu, lakini mdomo unaita moja. Kwa hiyo hawawezi kukimbia kuchagua.

Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 nayo haitawasaidia. Inakataza jina la matusi ao la kudharaulisha mtu, na Mwavita si hivyo.

Wengine tena wanasema: waende kwa nabii, Roho ataonyesha. Hatukatai. Lakini tuangalie Luka 1. Malaika alikwisha kutaja jina la Yohana, na bado watu wa nyumba walipaswa kulisema kwa vinywa vyao. Jamaa walitaka mtoto aitwe Zakaria, jina la baba yake. Elisabeti ndiye aliyekataa mbele yao. Jamaa wakasema hakuna mtu katika ukoo mwenye jina hilo. Ndipo Zakaria akaomba kibao, akaandika kama bibi yake alivyosema. Kuhani yule, ambaye jina lake mwenyewe lilikuwa likiachwa, alikubaliana na mama wa mtoto.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: mtoto aitwe Neema nyumbani, na Mwavita liandikwe karatasini kwa heshima ya tate yake. Tunajua baba anapoteza kitu. Hatalisikia jina la mama yake uani, na hasara hiyo si ndogo. Lakini aliyekufa katika Bwana hawezi tena kuumizwa na jina, na mama aliyezaa njiani anaweza. Tena baba ana njia nyingine ya kumtunza mama yake: amhadithie binti habari za yule mwanamke wa ndagala. Jina bila hadithi litabaki vita tu masikioni mwa mtoto. Hadithi hata bila jina itamletea tate yake.

Nawe dada unayesoma hapa na jina lako ni Mwavita, usione haya wala usilibadilishe kwa ajili ya maneno yetu. Jina lako linashuhudia kwamba vita ilipita, nawe ukabaki. Tunaongea tu juu ya yule ambaye bado hajaitwa.

Wazazi, kabla ya kwenda kuandikisha, jiulizeni: siku binti atakapouliza, "Kwa nini mliniita hivi?", je, jibu letu litampa kitu, ao litamtwika kitu?

Bwana awabariki pamoja na watoto wenu. Amina.