Linganisheni Gari Lililo Yadi, Si Jina Lake

Wanangu, mabishano yenu ya RAV4 na X-Trail nimeyasikia vya kutosha. Mmoja hataki kusikia gari lisiloandikwa Toyota, mwingine ameapa kufa na Forester, wa tatu ameiona CX-5 nyekundu Mikocheni na usingizi umempotea. Mnatajiana nguvu za farasi, mnatajiana mauzo ya Marekani, mnaoneshana video hadi bando linakata. Ni ushabiki wa Simba na Yanga, na ushabiki wenyewe sina ugomvi nao. Tofauti ni kwamba timu ikifungwa unalala na kuamka. Giaboksi ikifa, mshahara wa miezi unaondoka nayo.

Naanza na jambo ambalo naona hamlijui kabisa. Gari mnalolitazama kwenye video mara nyingi silo mtakaloletewa bandarini, hata kama jina ni lilelile na mwaka ni uleule. Chukueni RAV4 ya 2014. Mmarekani au Mwingereza anayeisifu anazungumzia kizazi cha nne, kilichotoka mwishoni mwa 2012. Kizazi hicho Toyota haikukiuza Japani. Wajapani waliendelea kuuziwa kizazi cha tatu, kile kilichoanza 2005, mpaka 2016. Baada ya hapo RAV4 ikatoweka kwenye maduka yao hadi kizazi cha tano kilipoingia Aprili 2019. Na sisi magari yetu ya mkono wa pili yanatoka Japani. Kwa hiyo RAV4 ya 2014 inayoshushwa Dar es Salaam ni ya umbo la zamani, chesisi ACA31, injini ya 2AZ yenye cc 2362 na nguvu za farasi 170, mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavu kama wa kabati. Sisemi ni mbaya. Nasema aliyeisifia kwenye simu yako hajawahi kuliendesha gari hilo.

X-Trail nayo ni hivyohivyo. Marekani inaitwa Rogue na ilizoeleka na injini ya cc 2500. Ulaya walipewa dizeli ya 1600. Ile ya Japani ya umbo la T32, iliyoanza mwishoni mwa 2013, ina petroli ya cc 2000 yenye farasi 147. Forester ya Marekani ni 2500, ya Japani ya umbo la SJ isiyo na turbo ni 2000 yenye farasi 148. Sasa mtu anasimama hapa anabishana nani ana nguvu, akitumia namba za magari ya watu wengine. Namba ya kuangalia ni ya chesisi. Kijana anayetaka kununua gari na hajui tofauti ya NT32 na T32 hajawa tayari kutoa hela: NT32 huvuta magurudumu yote manne, T32 ni ya kuvuta mbele tu. Nje zinafanana kama kurwa na doto. Utaijua tofauti masika, kwenye kilima cha Goba, tairi la mbele likizunguka mahali pamoja huku bodaboda wakikucheka.

Mauzo sasa. Ndiyo, RAV4 inauzwa zaidi ya magari milioni 1 kwa mwaka duniani, na 2023 iliyoipita ilikuwa Tesla Model Y, gari la umeme. Marekani peke yake mwaka 2024 ziliuzwa RAV4 zaidi ya 475,000, CR-V ikafuata kwa zaidi ya 402,000, Rogue ikawa chini kidogo ya 246,000, Forester kama 175,000, CX-5 kama 134,000. Namba nzuri za kuringia kijiweni. Lakini hayo ni magari mapya, yanauzwa kwa mkopo wa benki, yana dhamana ya kiwanda, na usukani uko kushoto. Mnunuzi wa kule akipata kasoro analirudisha kwa muuzaji. Wewe utamrudishia nani?

Mauzo yanayokuhusu ni ya mtaani kwako, kwa sababu gari lililouzwa sana hapa ndilo lenye spea Gerezani, lenye fundi anayelifungua bila kubahatisha, na lenye mnunuzi siku ukilichoka. CR-V ni ya pili Marekani, na ni gari zuri sana kwa haki yake. Lakini kabla hujaichukua, zunguka Ilala uulizie kioo cha taa na bush za mbele, kisha uulizie vya RAV4, halafu uje tuzungumze. Ndugu zetu wa Nairobi hufanya hivyohivyo Kirinyaga Road, na ndiyo maana kule Subaru ina mafundi wengi kuliko unavyoweza kupata Singida au Songea. Gari moja linaweza kuwa la busara Nairobi na likawa la mateso Tunduru.

Kwenye injini nitakaa kidogo, maana hapo ndipo mnapodanganyika zaidi, na kusema kweli tatizo lenyewe mara nyingi haliko kwenye injini. Liko kwenye giaboksi. X-Trail za kuanzia umbo la T31 la 2007 nyingi zina CVT: hakuna gia za meno za kubadilika, kuna mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili. Ni laini, inabana mafuta, na inataka oili yake tu, NS-2 kwa nyingi za T31 na NS-3 kwa T32. Iwekee oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu fundi amesema "zote ni zilezile", na umeiua. Kule Marekani Nissan yenyewe ililazimika kurefusha dhamana ya CVT za magari yake ya hadi 2010, mpaka miaka 10 au maili 120,000. Kabla hujacheka na kuikimbilia Toyota, ujue kwamba RAV4 ya ACA31 ya Japani nayo ni CVT, na Forester nyingi za umbo la SJ, za 2012 kuendelea, vilevile. Sasa lijaze gari kama hilo watu watano na magunia ya viazi, ulipandishe Kitonga saa nane mchana, na oili haijawahi kubadilishwa tangu Japani. Kati ya nne hizi mnazobishania, CX-5 peke yake imebaki na giaboksi ya otomatiki ya kawaida, yenye gia sita, na kwa hilo naipa heshima.

Ila CX-5 ina mtego wake, nao ni dizeli. Injini ile ya 2.2 ina farasi 175 na msukumo wa Nm 420. Ukiikanyaga barabara ya Morogoro unajiona waziri. Kwenye ekzosi yake kuna chujio la masizi linalojisafisha kwa moto, na ili lijisafishe sawasawa linataka safari ndefu isiyokatika. Wewe unaishi Mbagala, kazi iko Posta, nusu ya maisha yako uko foleni. Masizi yanajaa, taa inawaka, gari linapoteza nguvu, na fundi asiyelijua anakushauri ulitoboe. Ukiona chesisi inaanza na KE2, hiyo ni dizeli. KEE ni petroli ya 2000, farasi 155, na kwa mtu wa mjini hiyo inatosha na kubaki.

Kuna wanaoamini Toyota haiumwi. Baadhi ya injini za 2AZ, zile za miaka ya 2007 hivi, zilikuwa na ugonjwa wa kula oili kwa sababu ya pistoni na ringi zake, hata Toyota Marekani ikakubali kuwarekebishia wateja wake. Vuta kijiti cha oili kabla hujavuta pochi. Subaru nayo ina tabia zake: injini imelala, silinda zinatazamana, hata kubadilisha plagi ni kazi ya mwenye subira. Zile za EJ za zamani zina mkanda wa taimingi, ukikatika injini inakwenda nao. Za FB zilizoanza kuingia kwenye Forester mwishoni mwa 2010 zina mnyororo. Na tairi moja ikipasuka, usiweke mpya moja pamoja na tatu zilizokwisha, kwa sababu mfumo wake wa kuvuta miguu yote minne unachoka vibaya miguu isipolingana. Nani kati yenu anayebishania Forester ameshaweka bajeti ya matairi manne kwa mpigo?

Kwa matumizi ya nyumbani sina maneno mengi. Forester ya SJ iko juu milimita 220 kutoka ardhini, CX-5 ya kwanza 210, RAV4 ile 190, na kwenye barabara za Kivule tofauti hiyo unaisikia tumboni mwa gari. X-Trail za T30 na T31 nyingi zina viti visivyopenya maji, unafuta tope kwa kitambaa. Mwenye watoto wadogo ananielewa. Siti ya tatu ya T32 ni ya watoto, usimpandishe shemeji.

Kodi hamuizungumzii kabisa, na inaweza kupindua hesabu yote. Kwa viwango vya TRA, injini inayozidi cc 1000 lakini isiyozidi 2000 hutozwa ushuru wa bidhaa asilimia 5, ikizidi hapo ni 10. Juu yake kuna uchakavu: gari lenye miaka kati ya 8 na 10 linaongezewa asilimia 15, likivuka 10 ni 30. RAV4 ya cc 2362 inabanwa pande zote mbili, maana hata ya mwisho kabisa, ya 2016, imeshavuka miaka 8. Wakenya wao hawana hata chaguo hilo, gari lililozidi miaka 8 haliingii.

Mkishachagua, ombeni karatasi ya mnada wa Japani. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri, na herufi R ina maana liliwahi kugongwa likatengenezwa. Linganisheni kilomita za kwenye karatasi na za kwenye dashibodi. Zikipishana, muuzaji asiwaeleze kitu, ondokeni. Na mlipeleke kwa fundi wenu wenyewe. Fundi anayeletwa na dalali amekwisha kulipwa kabla hajafungua boneti.

Mkinibana niseme, nasema hivi. Anayekaa mkoani mbali na mafundi wa kompyuta, achukue RAV4 na avumilie kodi yake. Mwenye familia na barabara ya vumbi ya wastani, X-Trail NT32, na siku ya kwanza abadilishe oili ya giaboksi. Mwenye fundi wa Subaru wa uhakika, na si wa kusimuliwa, Forester haitamwangusha. CX-5 iwe petroli. Na ninyi mnaokaa Sinza, mnaotoka lami kuingia lami, hakuna hata moja kati ya hizi mnayoihitaji: chukueni IST au Rumion, hela inayobaki iwekeni benki, mkalipe kiwanja.