Mbona Amina Haji?

Somo: Mathayo 21:12-16

Wale mliokuwepo Jumapili ile mnajua kwa nini mchungaji alinipa mimi somo hili, kwa hivyo acheni kucheka, niseme.

Pale nyumbani tuna kitinda mimba wa miaka minne, na huyo ana mdomo. Majirani zetu ni Waislamu, watu wazuri sana, nao wana binti rika lake anayeitwa Amina. Hushinda pamoja chini ya mnazi. Sasa jioni moja tumemaliza maombi, wote tumesema "Amina!" kwa nguvu, huyu wangu akaniangalia kwa huruma, akauliza, "Baba, mbona kila siku mnamwita Amina usiku na haji? Kwani hamjui kashalala?" Lo! Mama yake ilibidi atoke nje kucheka.

Na si hilo tu. Asubuhi moja tulishuka pwani maji yamekupwa. Si mnajua hapa kwetu Kikambala maji yakitoka yanakwenda mpaka kule mwambani, unabaki mchanga na mwani. Akasimama, mikono kiunoni. "Bahari imeenda kwa nyanya yake." Kwa sababu yeye shule zikifungwa ndiko anakopelekwa. Tukipita Vipingo kwa matatu akiona yale mashamba ya mkonge, anamwambia dereva asimame, mananasi yameiva. Gari zima linacheka. Mimi hujifanya siko naye, lakini ndani yangu, wapendwa, moyo unajaa. Nikiwa kazini nakumbuka neno lake moja, nacheka peke yangu watu wananitazama.

Furaha hii si upuzi. Ibrahimu na Sara walipopata mtoto uzeeni walimwita Isaka, na jina hilo maana yake ni kucheka. Kila walipomwita aje kula, walikuwa wanaita kicheko chao. Na Sefania 3:17 inatuonyesha Mungu mwenyewe akiwafurahia watu wake mpaka akaimba. Kwa hivyo mzazi anayecheka na mtoto wake jikoni asidhani ameacha mambo ya kiroho.

Sasa ile Jumapili. Mimi ndiye niliyesimama kwa matangazo, nikawahimiza mtoe kwa ukarimu kwa ajili ya mabati. Nilisema sana. Nikarudi kuketi, kikapu kikaanza kuzunguka, nikatoa noti ya mia mbili. Halafu nikakumbuka unga. Nikakumbuka na nauli ya Jumatatu. Noti ikarudi mfukoni, nikashika sarafu ya ishirini, ngumi nimeifunga vizuri. Kikapu kinafika tu, kinanda chenyewe kimenyamaza, sauti ikatoka pale karibu na goti langu: "Baba, umekosea! Ile ya Mungu umerudisha mfukoni!"

Nilimfinya paja. Nasema mbele zenu. Sikumfinya kwa sababu alipiga kelele. Nilimfinya kwa sababu alisema kweli. Na tulipofika nyumbani nikamwambia, "Kanisani unafunga mdomo. Mungu hataki kelele za watoto."

Alitii. Hapo ndipo kosa langu lilipozaa. Jumapili tatu alikaa kama mgeni, mikono mapajani. Nami nikajisifu, nikamwambia mama watoto, waona, sasa amekua. Kisha jioni moja zamu yake ya kuomba ikafika, akatikisa kichwa. Nikamuuliza kulikoni. Akasema polepole, "Mungu hanitaki. Mimi nina kelele."

Usiku ule usingizi ulinikataa. Nikafungua Mathayo 21. Habari hii nimeisoma mara nyingi, lakini sikuwahi kuangalia watoto wale walipiga kelele wakati gani. Yesu ametoka kupindua meza za wabadili fedha. Vipofu na viwete wamemjia humo humo hekaluni, amewaponya. Ndipo watoto wanaanza kumshangilia. Na wakuu wa makuhani, watu walioishi na zile meza bila kuona shida, wanakasirishwa na nini? Na watoto. Yesu akawarudisha kwenye Zaburi ya 8, waone kwamba sifa za vinywa vidogo ni mpango wa Mungu mwenyewe.

Siku zote nilidhani katika habari ile mimi niko upande wa watoto. Usiku ule nilijiona na makuhani, tena na wabadili fedha. Noti imekuwa sarafu, na aliyesema amefinywa.

Na sisi watu wa kaunti hii ya Kilifi hatuwezi kuongea juu ya watoto na kanisa kama watu wa mahali pengine. Mwaka 2023, kule msitu wa Shakahola upande wa Malindi, ilianza kufukuliwa miili, ikazidi 400, na wengi walikuwa watoto. Walikuwa na wazazi wanaoomba. Sisemi nilichofanya mimi kinafanana na kile. Lakini nimeona kwa macho yangu jinsi mtoto anavyoamini haraka anachoambiwa kuhusu Mungu na baba yake, na nikaogopa. Mimi nilisema neno moja la hasira, yeye akalishika wiki tatu.

Jioni iliyofuata nilikaa naye barazani. Nikamwambia, "Mama, baba alikosea. Siku ile wewe ulisema kweli, baba ndiye aliyedanganya. Mungu anapenda sauti yako."

Akanipima kwa macho. "Hata nikiongea sana?"

"Hata ukiongea sana."

Akafumba macho papo hapo. Wapendwa, mtoto aliomba! Kumbe maombi ya wiki tatu yalikuwa yamelundikana. Aliombea mbuzi wa jirani, mguu unamuuma. Akaombea tuktuk ya alfajiri iache kumwamsha. Akaomba bahari isikawie sana kwa nyanya yake. Halafu akasema, "Na Mungu, baba atakuletea ile mia mbili Jumapili. Mimi nitamwangalia."

Nikasema, "Amina."

Yeye akafumbua macho, akageuka kutazama mlango wa jirani.