Huko Juu Kuna Nini?



Sisi VIWAWA wa kigango chetu tuliamua Jumapili moja, baada ya ibada, kupanda kilima kilicho nje kidogo ya Geita mjini. Usifikirie Kilimanjaro. Hakina geti wala kiingilio, na jina lake wanalijua majirani tu. Ni matale makubwa yaliyobebana, kama yale ya Mwanza. Ukijitahidi, saa moja na nusu uko juu.

Nikamwalika kaka yangu. Yeye ni mchimbaji mdogo, anaingia duarani. Akaniuliza, "Dogo, huko juu kuna nini? Kumetema?" Nikamwambia hakuna kitu. Akacheka. "Sasa unapanda mlima usio na kitu ili iweje?"

Nikamjibu haraka, "Tunaenda kusali." Ukweli ni kwamba nilitaka tu anyamaze. Swali lake lilibaki kwangu.

Maana huku kwetu kilima kinapimwa kwa kilichomo ndani. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi mpaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza 2000. Palipokuwa na vilima sasa kuna mashimo ambayo lori kubwa likiwa chini unaliona kama kisoda. Silaumu. Dhahabu imesomesha wengi, na ada yangu ya sekondari ilitoka duarani. Matale yamebaki kwa sababu hakuna anayetegemea dhahabu humo, na hata hayo akina mama wanayagonga kokoto.

Shida inaanza pale kipimo hicho kinapohama kutoka kwenye vilima kwenda kwa watu. Huyu ana nini? Nitapata nini kwake?

Kaka alikuja. Tulipofika kileleni akavua viatu, akakaa juu ya jiwe, akatazama mbali kwa muda mrefu. Wenzetu walikuwa wanapiga picha. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Haya sema, unataka shilingi ngapi?"

Ndugu yangu, nilikosa pa kuweka uso. Kaka alidhani nimemwita mpaka kule juu ili nimwombe hela. Na alikuwa na sababu. Duara likitema, simu zangu kwake haziishi. Likikauka, napotea. Mimi niliyejisifu kupanda mlima usio na kitu, kaka yangu mwenyewe nilikuwa nimemfanya duara.

Nilimwambia, "Sitaki kitu kaka. Nimekuita tukae." Hakuniamini mara moja. Tulikaa hata hivyo.

Injili inasema Petro alipouona utukufu wa Bwana mlimani, alitaka kujenga vibanda vitatu. Namwelewa sana. Huku kwetu rashi ikitokea, kitu cha kwanza ni vibanda. Lakini Yesu hakuwaacha wapamiliki mahali pale. Aliwashusha, na chini wakamkuta baba mwenye mtoto mgonjwa (Mt 17:1-18). Ule mlima haukuwapa kitu cha kubeba mkononi. Uliwarudisha kwa mtu.

Kumbuka pia Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, kijana wa Italia aliyetangazwa mtakatifu Septemba 2025. Alipenda milima kwelikweli. Na unajua alisomea nini? Uhandisi wa madini, kwa sababu alitaka kuwa karibu na wachimbaji. Kwake mlima na mchimbaji havikugombana.

Basi jibu la swali la kaka ninalo sasa. Huko juu hakuna kitu, na ndiyo maana tunapanda: tujifunze kukaa mbele ya Mungu, na mbele ya mtu, bila kuchimba.

Kijana mwenzangu, kuna mtu unayemkumbuka ukiwa na shida tu? Mpigie leo. Msalimie, muulize ameamkaje, na usimwombe kitu. Utasikia jinsi anavyosubiri uombe. Hapo ndipo kipandio chako kinapoanzia.

Mt. Pier Giorgio Frassati, utuombee.