Mjukuu Wangu, Kopo Limefika

Mjukuu wangu, kopo limefika. Limetoka kwako Brussels, likalala Kigali wiki mbili kwa mama yako mdogo, likapanda basi la Kamembe, na kutoka Kamembe kijana wa pikipiki akalileta hadi hapa Nyakabuye likiwa ndani ya soksi. Kwa nini soksi, sikuuliza. Nimelipokea kwa mikono miwili, nashukuru. Sasa kaa nikuambie, polepole, maana pumzi yangu hainipi nafasi ya kusema mengi kwa mkupuo. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tunachoshirikiana: Kinyarwanda kilikupita pembeni ulipokuwa ukikua Bukavu kwa baba yako, na Kifaransa chako kimenishinda mimi.

Umeandika kwenye karatasi kwamba hii ni Dunhill Flake, Virginia tupu, haitengenezwi tena tangu 2018, na kwamba nikiifungua nitakuwa nimerudishiwa harufu yangu ya zamani. Mama yako mdogo naye hana siri, akanitajia bei uliyolinunulia. Nilipiga hesabu usiku. Ni mbuzi wawili, na mmoja ana mimba.

Sikugombi. Umri wa kugomba umenipita. Ila umekosea mahali, na nikinyamaza utaendelea kukosea kwa gharama.

Harufu unayoikumbuka kwenye koti langu, ulipokuwa ukiletwa huku likizo, haikuwa hii. Ilikuwa itabi, tumbaku yetu ya nyuma ya nyumba. Miche kumi na tano au ishirini, iliyopandwa pale tulipokuwa tukimwaga samadi, majani yake yakaning'inizwa chini ya paa la jiko hadi yawe ya kahawia, kisha yakasokotwa na kukatwa kwa kisu kadiri ya haja ya siku. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na inkono yake, mtemba wa udongo, na hakuna aliyeigusa. Hata maneno yetu yalikuwa tofauti. Waswahili huvuta tumbaku, sisi huku tunasema *kunywa itabi*, tunainywa kama kinywaji, na mgeni alikaribishwa kwayo kama anavyokaribishwa kwa pombe. Mzee mmoja wa Pemba niliyewahi kufanya naye kazi alicheka sana kusikia hivyo. Yeye kwao walikuwa na mtemba, na toza, na buruma la maji lenye digali yake, kila kipande na jina lake, lakini kuinywa, alisema, hajasikia.

Itabi hiyo ilikuwa kali. Ilichoma ulimi. Hakuna mtu angeiweka kwenye kopo lenye herufi za dhahabu.

Virginia ninaijua, tena kuliko hao wanaokuuzia makopo. Lakini sikuijulia kwenye mtemba. Niliijulia Urambo, mkoa wa Tabora, nilikokwenda kutafuta kazi mwaka 1975 nikiwa na nguo nilizovaa na shuka moja. Urambo ni pale Waingereza walipotaka kulima karanga mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea, wakaleta matrekta, wakafyeka pori, na kufikia 1951 mradi wote ukawa umekufa. Baada ya karanga ikaja tumbaku, nayo ikakubali. Nilipofika mimi, nchi nzima ile ilikuwa ya tumbaku ya mvuke. Ndivyo wanavyoiita Virginia kule, kuitenga na tumbaku ya moshi ya Songea.

Nikueleze tumbaku ya mvuke ni nini, maana mvutaji wa Ulaya anajua jina la kopo na hajui bani. Bani ni kibanda kirefu cha matofali au udongo, hakina dirisha. Moto unawashwa kwa nje, mdomoni mwa tanuri, na joto linapita ndani kwa mabomba ya bati bila moshi kugusa jani. Unatunga majani mabichi kwenye fito, unapanda juu ya boriti, unaziweka safu kwa safu hadi kichwa chako kinagonga paa. Siku mbili za kwanza unalea joto dogo, nyuzi 35 hadi 40, na unyevu mwingi, jani ligeuke manjano taratibu. Hapo ndipo utamu unapozaliwa: wanga ulio ndani ya jani unageuka sukari wakati jani bado lina uhai kidogo. Ukiharakisha moto, jani linakufa likiwa kijani na thamani yake imekwisha. Ukichelewa, linakuwa jeusi. Yakishakuwa manjano unapandisha joto, jani likauke, kisha unalipandisha tena zaidi, ule mshipa wa katikati ukauke nao. Siku tano, sita, saba. Usiku hulali. Mtu akisinzia moto ukazima, au ukapanda ghafla, kazi ya miezi imekwenda.

Itabi yetu ya hapa hukauka kwa upepo, polepole, na jani linaila sukari yake lenyewe kabla halijafa. Ndiyo maana inauma. Hakuna mchawi aliyetia asali kwenye Dunhill yako. Ni moto, na mtu aliyekesha.

Na kuni. Mjukuu wangu, kuni! Tulikata miombo hadi tukawa tunatembea mbali kuitafuta. Nilipofika, pori lilikuwa mlangoni. Nilipoondoka, mikokoteni ilikuwa inaondoka alfajiri na kurudi jioni. Hilo nalo limo ndani ya utamu wa Virginia, japo halikuandikwa kwenye kifuniko.

Kuna jambo lingine sijamwambia mama yako. Kuchuma jani asubuhi wakati lina umande, maji yale yakilowesha mikono na kifua, sumu ya tumbaku inaingia kwa ngozi. Unatapika, kichwa kinazunguka, moyo unakimbia, na hujavuta hata pumzi moja. Wazee wa kule walituambia tungoje jua likaushe majani. Msimamizi wetu hakungoja. Nilitapika asubuhi nyingi, nikajifuta, nikaendelea. Kisha marobota yakashonwa, mteuzi akapita akataja daraja kwa sekunde mbili, lori likaondoka. Kopo sikuliona kamwe. Kwa miaka minne niliyokaa pale nilivuta itabi kali ya mkazi mmoja wa Ulyankulu, mkimbizi wa Kirundi, aliyeipanda nyuma ya nyumba yake kama sisi.

Kwa hiyo ninapofungua kopo lako, na nimelifungua, sitakudanganya, harufu iliyonijia si ya koti la babu. Ni ya bani siku ya tatu, unapochungulia mlangoni: majani makavu, mkate, kitu kama asali. Ilinipiga kifuani. Nilikaa nje hadi mama yako mdogo akapiga simu kuuliza kama nimepokea mzigo, na sauti yangu ikamtia wasiwasi.

Haya, tuje kwenye hao wanaolilia makopo yaliyokoma.

Wewe mwenyewe umenisimulia historia ya kopo hili, nami nilisikiliza. Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku London, mtaa wa Duke, mwaka 1907. Mwaka 1981 kazi ya kutengeneza ikahamia Belfast kwa Murray's. Wavutaji wakasema, ah, si ile ya London. Karibu 2005 ikahamia Denmark. Wavutaji wakasema, ah, si ile ya Belfast. Mwaka 2018 wenye jina wakaamua kuachana na tumbaku ya mtemba, na sasa watu wanalipa mbuzi wawili kwa ile ya Denmark, ileile iliyodharauliwa na waliotangulia. Na mwaka uliofuata, kama ulivyoniambia kwa sauti ya mtu aliyeonewa, michanganyiko hiyo ikarudi sokoni ikiwa na jina la Peterson, na wavutaji wanasema, ah.

Unaona? Mimi nimezaliwa Kinyaga. Wakubwa wakaiita Cyangugu. Mwaka 2006 wakaifuta Cyangugu wakatuita Rusizi, Mkoa wa Magharibi. Mimi bado nasema Cyangugu, vijana wa ofisini wananisahihisha, nami nasema ndiyo, ndiyo. Chemchemi ya maji moto hapa chini haijauliza iko wilaya gani. Watu bado wanashuka kuoga wakiumwa viungo. Nyinyi mmefanya kinyume: chemchemi mmeiacha, mnalilia kibao cha jina.

Hata wale wa Kansas City, McClelland, uliosema walikuwa mabingwa wa Virginia nyekundu na walifunga mwaka uleule wa 2018, hawakufa kwa kusahau kanuni. Walisema jani la ubora walioutaka halipatikani tena kama zamani. Hilo nililielewa bila kuelezwa. Jani ni mkulima, na mkulima huchoka, au hutolewa shambani. Zimbabwe mwaka 2000 walivuna kilo milioni 236, na 2008 zikawa kama milioni 48. Mavuno yalirudi baadaye, lakini fikiria ni mabani mangapi yalikaa baridi katikati hapo. Sijawahi kusikia mvutaji anayemlilia mtu wa bani. Kopo likikosekana, ndipo msiba unaanza.

Wewe una miaka thelathini na moja. Mwaka 2018 ulikuwa hujagusa mtemba. Unalilia marehemu ambaye hukukutana naye. Nalijua hilo, si kosa la ajabu. Uko mbali, kuna baridi, umekutana na wazee wa mtemba wenye subira wanaokukaribisha mezani na kukueleza mambo kwa upole, na mtu aliye ugenini hushika mkono wowote. Hoja yako kwamba Virginia huzidi kuwa nzuri ikikaa miaka ndani ya kopo nayo ni ya kweli, sukari yake huendelea kubadilika. Lakini umeniambia una makopo arobaini chini ya kitanda. Makopo arobaini, na chumba unapanga. Mtu akinunua kitu kwa sababu tu kimekoma, hatashiba, maana kila siku kuna kinachokoma.

Na umeanza kuvuta. Hukuniambia, lakini karatasi yako inanuka.

Hapa naomba unisikilize kuliko kote. Najua umeanza kwa sababu yangu, kwa ajili ya lile koti. Basi kosa ni langu kwanza, nalibeba. Utaniambia mvutaji wa mtemba hamezi moshi. Nami nilisema hivyo. Moshi usioshuka kifuani unakaa mdomoni na kooni, na mdomo na koo navyo ni nyama. Rafiki yangu wa Bugarama walimkata nusu ya ulimi, akawa anaongea na wajukuu kwa mikono. Kifua changu nacho hakikusubiri ruhusa. Kutoka kwenye maji moto hadi nyumbani nilikuwa nikipanda bila kusimama, nimebeba mtungi. Siku hizi nasimama mara sita, na pale pa nne najifanya natazama mpunga wa watu huko bondeni. Niliacha miaka tisa iliyopita. Sikuacha kwa ushujaa. Niliacha kwa kushindwa kumaliza sentensi.

Usiniletee lingine. Ukiwa na fedha ya mbuzi wawili, leta mbuzi wawili, au njoo mwenyewe, nauli ya basi nitakutafutia.

Kuhusu kopo. Sikulitupa, kulitupa kungekuwa kumtupa mtu fulani aliyekesha mahali. Nilimpelekea yule bibi jirani, yule uliyekuwa ukimwogopa kwa sababu ya jicho lake. Ana zaidi ya miaka themanini, na inkono yake haijawahi kupoa. Nilimwambia hii imetoka Ulaya, imekoma, watu wanaitafuta dunia nzima. Akaivunja kwa vidole, akaishindilia, akaweka kaa la moto, akanywa. Nikasubiri. Akanywa tena, akaniangalia kwa lile jicho.

"Haina kitu," akasema. "Ni ya watoto."

Akaichanganya na yake, nusu kwa nusu, akaimaliza kwa wiki mbili bila kuitaja tena. Kopo akanirudishia limeoshwa. Nimetia humo mbegu za lengalenga alizonipa mama yako mara ya mwisho alipovuka kutoka Bukavu, na linafunga vizuri sana, panya hawajaliweza.

Nikumbushe unaishi ghorofa ya ngapi. Mama yako aliniambia, nimesahau.