Tawakali na Oili ya Injini

Pale Busi magari yanapopakia abiria wa Kondoa, dereva akishapiga honi ya mwisho utamsikia akisema, "Inshallah tutafika." Mimi ni Mwislamu na neno hilo liko mdomoni mwangu kutwa. Lakini ni fundi pia, na mara nyingi nalisikia kwa mtu ambaye tairi zake zimelika hadi nyuzi zinaonekana, na oili ya breki hajaigusa tangu anunue gari. Nimekaa na swali hili miaka mingi: mtu wa namna hiyo anamtegemea Mwenyezi Mungu, au anamtwisha Mungu kazi aliyopewa yeye?

Swali lenyewe nimelirithi pamoja na gari. Baba yangu mdogo, aliyekuwa akifanya biashara ya ufuta na mahindi, aliniachia Benzi 240D, lile umbo la 123 lililotengenezwa Ujerumani kuanzia 1976 hadi mwanzoni mwa 1986. Nchi hii imewahi kuwaita wakubwa wenye Benzi Wabenzi, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 jina hilo halikuwa sifa. Wazee wengine wa hapa bado wanaliangalia gari hili kwa jicho la enzi zile. Mimi nawaeleza kwamba injini yake ni dizeli ya silinda nne yenye nguvu za farasi 65, na injini zilizofuata zikaongezwa hadi 72. Kwenye mlima lori lenye mzigo linaweza kukufuata kwa nyuma bila taabu. Anasa yake haiko kwenye mbio. Iko kwenye namna lilivyoundwa: kila kitu kinafunguka kwa spana, kinapimika, na kinarudishika mahali pake.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliizungumzia tawakali kwa kirefu katika kitabu chake cha Ihya. Alizigawa sababu mafungu matatu. Zipo za yakini: una njaa, chakula kiko mbele yako, na hunyooshi mkono eti unamtegemea Mungu. Kwake huo ni wazimu, wala hautokani na imani. Zipo ambazo si za yakini ila ndivyo mambo yaendavyo mara nyingi, kama msafiri wa jangwani kubeba masurufu. Kuyabeba hakuivunji tawakali. Na zipo za kudhania tu, ambazo anayezing'ang'ania amekwisha kuhamisha moyo wake. Nikiyaangalia magari yetu naona tumeyageuza mafungu haya juu chini. Hirizi iliyofungwa kwenye kioo cha ndani tunaitunza isipate vumbi. Filta ya oili, iliyo katika sababu za yakini, tunaiacha hadi izibe.

Kuna wanaoniletea Ghazali huyohuyo kunipinga. Katika Tahafut al-Falasifa alisema moto hauichomi pamba kwa nguvu zake wenyewe. Mungu ndiye anayeumba kule kuungua vinapokutana, na tunachokiona sisi ni desturi Yake inayojirudia. Basi, wananiambia, oili nayo hailainishi chochote bila Yeye. Naam, hailainishi. Katika injini hii hakuna hata plagi ya kutoa cheche: hewa inabanwa mara 21 hadi inakuwa ya moto mno, nozeli inapuliza dizeli, nayo inawaka. Kila nikiisikia inawaka asubuhi ya baridi ya Juni naikumbuka pamba ya Ghazali. Lakini kauli ile kwangu inaukaza wajibu. Ikiwa chuma kutosagika ndani ya oili safi ni desturi ya Mungu, basi anayeiacha oili ipitilize na kutarajia chuma kisisagike anaomba desturi hiyo ivunjwe kwa ajili yake. Anaomba karama. Mawalii waliogopa kuomba karama, na huyu anaiomba kila Jumatatu akienda mnadani.

Shemeji yangu, mume wa dada, ana Canter ya kubebea alizeti. Siku moja alikuta nimelilaza Benzi chini ya mwarobaini, namwaga oili ya breki ya zamani.

"Hiyo si bado nzima, shemeji?" akauliza.

"Inaonekana nzima."

"Ajali ina kadari yake. Umeandikiwa kufia Bereko, utafia Bereko, hata breki ziwe za leo asubuhi."

"Na mimi kubadilisha breki hakukuandikwa?"

Alifikiri. "Hata hilo limeandikwa."

Nikamkumbusha Khalifa Umar, aliporudisha msafara wake usiingie Sham yenye tauni. Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu lake Waislamu wote wanalijua: anatoka katika kadari moja kwenda katika nyingine, zote za Mungu yuleyule. Kisha nikamweleza shemeji jambo la chuma. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Ukikaa nayo miaka, maji yamejichanganya humo huyaoni. Unashuka mteremko mrefu wa Bereko na mzigo, breki zinapata moto, yale maji yanachemka na kuwa mvuke, na mvuke unabanika ambapo oili haibaniki. Unakanyaga pedeli inazama hadi sakafuni. Dereva akinusurika atasema breki zilikataa. Hazikukataa kitu, zilifuata desturi yaliyowekewa maji tangu yaumbwe.

Ugumu wa kulitunza gari kuukuu ni kwamba macho hayatoshi. Oili ya dizeli ukiimwaga yote na kuweka mpya, lita sita na kidogo, baada ya mwendo mfupi inakuwa nyeusi kama lami. Ukichomoa kijiti cha kupimia huwezi kujua kama ni ya juzi au ya mwaka jana. Shahidi ni daftari la matengenezo peke yake. Tapeti ni hivyohivyo. Watu wanangoja zipige kelele ndipo walete gari, na kwenye injini hii zile zinazoelekea kuharibu ndizo zinazonyamaza. Nafasi inapungua kidogo kidogo kadiri valvu inavyozama kwenye kiti chake, hadi valvu haifungi sawasawa, na gari linaanza kuwa gumu kuwaka alfajiri. Inatakiwa upime injini ikiwa baridi: milimita 0.10 upande wa kuingiza hewa, 0.30 upande wa moshi. Ile fila geji ya 0.10 ni nyembamba kama karatasi. Unaipitisha, unasikia inavutwa kidogo na chuma pande zote mbili, na hapo ndipo unakaza nati ukiwa umeshika pumzi isije ikageuka.

Kuna siku utageuza ufunguo kuzima na injini itaendelea kuunguruma. Mgeni hufikiri gari limeingiwa na kitu. Gari hili huzimwa kwa nguvu ya mvuto wa hewa unaopita kwenye vipaipu vyembamba vya plastiki, na mfumo huohuo ndio unaofunga vitasa vya milango. Kiwambo cha mpira kikichanika ndani ya mlango wa nyuma, mvuto unaweza kupotea hadi injini isitii ufunguo. Waliolitengeneza waliliona hilo mapema wakaweka mkono mdogo mwekundu chini ya boneti: unafungua, unaubonyeza, injini inazima. Nawaonyesha vijana wa gereji mkono huo kabla sijawafundisha kitu kingine, kisha nawapeleka kwenye mlango wa nyuma watafute tundu.

Sasa nifike kwenye kinachonigusa zaidi. Ukibadilisha paipu ya maji kabla haijapasuka, hutaiona siku ambayo ingepasuka. Hakuna atakayekushukuru kwa usiku ambao hukulala porini, kwa kuwa usiku huo haukutokea. Anayetengeneza kilichoharibika analipwa na kusifiwa. Anayezuia kisiharibike hana hata ushahidi kwamba alifanya jambo. Ndiyo maana naihesabu kazi hii jirani ya ibada ya siri, ile ambayo mwenye kuijua ni wewe na Mola wako. Nadhani ndiyo maana wengi hawaiwezi.

Sisi wa Kondoa tuna ushahidi wa haya ardhini. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO ulianza mwaka 1973 kwa sababu vilima vya Irangi vilikuwa vinaliwa na makorongo, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililomomonyoka zaidi. Hatua hiyo iliwaumiza wenye ng'ombe, na siwezi kuisifu bila kusema hivyo. Lakini majani yalirudi, na miti. Mvua ilikuwa ya Mungu siku zote. Korongo lilitokana na kilima kilichovuliwa nguo.

Upande wa pili nao una hatari yake. Mtu anaweza kulitunza gari mpaka akaamini kwamba halitaharibika kwa sababu yeye ni yeye. Mgiriki mmoja dereva wa teksi, Gregorios Sachinidis, aliiendesha 240D yake ya mwaka 1976 kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 ikaingia katika jumba la makumbusho la Mercedes-Benz. Injini zake zilishushwa na kupandishwa tena na tena. Hata gari la mtu huyo lilikuwa na siku za kulala. Ghazali anataka yule msafiri abebe masurufu bila kuuegemeza moyo kwenye mfuko, maana mfuko huibiwa. Utajua moyo ulikuwa wapi siku mfuko unapopotea.

Injini ya kwanza ya Benzi letu ilikufa na daftari lake lote likiwa limejazwa vizuri. Konrodi ilitoboa bloku njiani, saa ya adhuhuri, mbali na nyumba. Baba mdogo alishuka akaangalia oili ikimwagika mchangani, akasema Inna lillahi, akatawadha kwa maji ya dumu, akaswali. Kisha akaandika tarehe na kilomita. Nyingine aliipata Arusha ikaletwa kwa lori, na siku ya kuishusha shemeji alikuwa mmoja wa walioushika mnyororo.

"Sasa mzee," akamuuliza, "madaftari yote yale yalikusaidia nini?"

Baba mdogo hakumjibu. Aliniambia nimpe fila geji ya 0.10, kwa kuwa muuzaji alikuwa amesema tapeti zimeshapimwa, na yeye hakumwona akizipima.