Mwenye Ngamia na Mwenye Gari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, maradhi ya Korona yamekwisha kututoka midomoni. Mabaraza yamerudi, safu za misikitini zimekaribiana kama zamani, na barakoa twaziona kwa nadra. Walakini katika darsa letu yuko dereva wa teksi, mtu wa makamo mwenye watoto, aliyetufungulia daftari lake juzi. Ndani yake mna deni la tajiri wake, mwenye gari, la siku za mwaka 2020, na hadi leo hajamaliza kulilipa. Deni hilo ndilo lililotufanya tuandike maneno haya.

Na tukumbuke lilivyoanza. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi, 2020. Kabla ya mwezi kwisha, ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa. Na tangu tarehe 27 Machi ikapigwa kafyu, kuanzia saa moja ya usiku hadi saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, hapana kuingia wala kutoka. Mwezi wa Mei, ndani ya Ramadhani, Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake. Njia za Mombasa zilifunguliwa tarehe 7 Julai, lakini kafyu iliendelea, saa zake zikibadilika-badilika, hadi tarehe 20 Oktoba, 2021.

Ewe msomaji, yapige mambo haya kwa hesabu ya dereva. Saa kumi katika ishirini na nne zimeondoka, nazo ndizo saa za teksi: mgeni wa ndege ya usiku, watu wa harusini, na wanaotoka tarawehe kwenda madukani. Watalii hawako, hoteli zimefunga milango. Abiria wa mchana naye aogopa kukaa katika gari moja na mtu asiyemjua. Lakini ile fedha ambayo dereva humpelekea tajiri wake kila jioni, tajiri huyu hakuipunguza hata shilingi moja. Kila iliyopungua iliandikwa daftarini.

Sasa tuje kwenye afya. Dereva aliamrishwa afungue madirisha, avae barakoa, anawe mikono, asijaze watu, na akipata homa akae nyumbani. Manne ya kwanza gharama yake ni ndogo. La tano gharama yake ni chakula cha watoto cha siku ile, na juu yake fedha ya tajiri. Ndugu yetu atwambia kuwa asubuhi moja aliamka ana homa na kikohozi, akameza vidonge, akafunga barakoa, akatoka. Alibeba abiria mpaka jioni, na miongoni mwao alikuwamo mama mtu mzima aliyekuwa akitoka hospitali. "Nilikuwa nikikizuia kikohozi hata machozi yakinitoka," asema. "Sijui hadi leo kama yalikuwa ni maradhi yale, wala sijui mama yule alikuwaje."

Hatukileti kisa hiki ili kumfedhehesha. Yeye mwenyewe ameomba kiandikwe, na ametubu kwa Mola wake. Suala letu ni hili: dhambi ile ni yake peke yake?

Wako waliosema siku zile kwamba kujikinga ni uchache wa kutawakali. Wako waliotundika hirizi kwenye kioo cha gari, kisha wakafunga madirisha! Hao jawabu yao ni nyepesi. Sayyidna Umar (R.A.) alipofika Sargh, njiani kwenda Sham, akapata khabari ya tauni, alishauriana na watu kisha akarudi na watu wake, na alipolaumiwa kuwa aikimbia kadari, alijibu kuwa atoka katika kadari ya Mungu na kwenda katika kadari ya Mungu. Hapana aliyemshinda Umar kwa kutawakali.

Lakini liko jambo tunalolisahau sana. Mtume (S.A.W.) alikataza ngamia wagonjwa wasipelekwe penye ngamia wazima. Angalia, ndugu yangu, katazo hilo alimwelekeza nani. Alimwelekeza mwenye ngamia, kwa kuwa yeye ndiye mwenye khiari ya kuwapeleka au kuwazuia. Basi katika teksi mwenye khiari ni nani? Ni dereva, naam. Lakini ni dereva aliyefungwa kamba, na ncha ya kamba imo mkononi mwa tajiri. Aliyemtia mtu katika dhiki hata akatoka na homa yake, naye ana fungu lake katika kila aliyeambukizwa.

Tajiri atasema: "Tulipatana kwa siku, na gari nilimpa." Naam, gari ulimpa, lakini usiku hukuweza kumpa. Mtume (S.A.W.) aliamrisha mwenye kuuza matunda, yakipatwa na msiba, amwondolee mnunuzi khasara ile, akauliza ni kwa haki gani achukue mali ya nduguye. Wamo wanavyuoni walioitia ijara katika hukumu hii. Twajua kuwa Imamu Malik aliona ni wajibu khasara ikifika thuluthi, na kwamba Imamu Shafi, katika kauli yake ya baadaye, aliona ni sunna. Basi na iwe ni sunna! Sisi tunaogombana misikitini kwa ajili ya sunna ndogo ndogo, mbona sunna hii tukaiacha, au kwa kuwa ina fedha ndani yake?

Pengine tajiri naye ana mkopo wa gari. Hatumwambii abebe khasara yote. Twamwambia igawanywe, kwani msiba haukushuka juu ya mtu mmoja. Na ambaye bado adai, asome aya ya 280 ya Suratul Baqara, aone Mola wake alivyomwamrisha kumpa muda mwenye dhiki, na alivyosema kuwa kusamehe ni bora zaidi.

Na sisi wengine tusijitoe. Wenye madeni wamo katika watu wanane wa Zaka, waliotajwa katika Suratul Tawba; basi kabla ya kupeleka Zaka mbali, tumwulize dereva anayetuchukua kila siku. Abiria naye asione uzito kufungua dirisha wala kuvaa barakoa akiwa na kikohozi. Na wenye magari wapatane na madereva wao sasa hivi, kwa maandishi na mashahidi, kuwa siku ya homa na siku ya kafyu haina deni. Maradhi mengine hatujui yatakuja lini, na mapatano hayafanywi mtu akiwa tayari anatetemeka.

Ewe Mola, tupe afya na tupe uadilifu, wala usitufanye sababu ya madhara ya ndugu zetu. Wabillahi tawfiq.