Fahari Iliyotumika na Nguvu Mpya

Swali dogo la sokoni mara nyingine hubeba swali kubwa la maadili mgongoni, kama punda abebavyo mzigo wa tajiri bila kujua kilichofungwa ndani. Mtu wa Marekani mwenye kipato cha kadiri, aliyeweka akiba kwa miaka mingi mpaka akapata dola zipatazo 45,000, hutoka kwenda kununua motokaa ya kuuridhisha moyo wake. Mbele yake husimama mbili. Moja ni Bentley Continental GT ya toleo la kwanza, kazi ya mafundi wa Crewe katika Uingereza, yenye milango miwili, viti vya ngozi, na mbao zilizong'arishwa hata uso wa mtazamaji ukaonekana ndani yake. Lakini imekwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne. Ya pili ni Ford Mustang GT, mpya, ambayo haijapata kukaliwa na mtu ila yule aliyeishusha kutoka katika lori. Bei zao zakaribiana, na pengine Bentley ina nafuu kidogo. Ni ipi impasayo?

Wazee wa pwani walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda; wakasema pia kwamba vya kale ni dhahabu. Yeyote kati ya wauzaji wawili wa motokaa hizi angeweza kujitwalia methali imfaayo, naye mnunuzi asingepata msaada. Tena hapa mambo yamepinduka. Kwa msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam, ambako motokaa nyingi hufika bandarini zikiwa zimekwisha kutumika Japani, kitu kilichotumika ni riziki ya mtu asiyeweza kununua kipya. Katika chaguo hili kilichotumika ndicho chenye cheo, na kipya ndicho cha watu wa kawaida.

Asili ya motokaa hizi yafaa kukumbukwa, kwani asili hufichua nia. Safari kuu ilianza zamani kabla ya injini: katika karne ya 18 vijana wa nyumba za heshima za Uingereza walipelekwa Ufaransa na Italia wakaone majumba, sanamu na adabu za watu, nao waliporudi walihesabiwa kuwa wameelimika. Waundaji wa motokaa wa Italia walilichukua jina hilo kwa lugha yao, Gran Turismo, wakalipa motokaa iwezayo kuwachukua watu wawili na mizigo yao toka nchi hata nchi kwa mwendo mkali bila kuwachosha. Ilikuwa motokaa ya mtu mwenye fedha, na, lililo adimu kuliko fedha, mwenye siku za kupoteza.

Motokaa ya nguvu, ambayo Wamarekani huiita ya misuli, ilizaliwa kwa nia nyingine. Kwa ajili ya mwaka 1964 Pontiac, ambayo John DeLorean alikuwa mhandisi wake mkuu, ilitwaa injini kubwa ya lita 6.4 ikaitia katika motokaa ya umbo la kadiri iitwayo Tempest, ijapokuwa kanuni ya General Motors, mzazi wa kampuni hiyo, ilikataza injini ya ukubwa ule katika motokaa ya umbo lile. Hila yao ilikuwa kuiuza injini kama nyongeza ya hiari. Jina walilolipa tunda la hila hiyo ni GTO, nalo walilichukua bila haya kutoka kwa Ferrari, ambayo motokaa zake za 250 GTO hazikufika 40. Pontiac iliuza zaidi ya 32,000 katika mwaka wa kwanza. Mustang yenyewe ilionyeshwa New York tarehe 17 Aprili 1964, kwa bei iliyoanzia dola 2,368, ili karani na mwalimu wa shule waweze kuifikia. (Wajuzi hubishana kama Mustang ni ya misuli hasa au ni ya ukoo wa jirani, ubishi huo na waachiwe wenye nafasi, maana washindani wake wawili wa zamani, Challenger na Camaro, walikwisha kuondoka viwandani kufikia mapema mwaka 2024, nayo ikaendelea.) Basi motokaa ya misuli ilivaa joho la kuazima tangu siku za uchanga wake, na herufi mbili za safari kuu zimebandikwa nyuma ya Mustang hata leo. Atakaye kumshitaki mnunuzi wa Bentley kwa kujipa cheo kisicho chake, na azisome kwanza herufi hizo.

Shitaka lenyewe huanzia katika hesabu. Continental GT ilipotoka mwaka 2003 bei yake katika Marekani ilikuwa yapata dola 150,000. Injini yake ina silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la herufi W, ujazo wa lita 6, turbo mbili na nguvu za farasi 552. Na yote hayo yameshindiliwa chini ya boneti kama nguo za msafiri katika sanduku dogo, hata kazi kadhaa haziwezi kufanywa na fundi bila kuitoa injini nje. Husimama juu ya springi za hewa. Miaka ilipita na bei ikashuka mpaka theluthi, na chini ya theluthi. Lakini iliyoshuka ni bei ya kununua peke yake. Springi ya hewa haijui kwamba mwenye motokaa wa leo si yule wa mwaka 2003. Breki hazimwonei huruma. Na saa ya fundi hulipwa kama saa ya fundi wa motokaa ya dola 150,000. Kwa hiyo Bentley ina bei mbili: ya kwanza imeandikwa kiooni, nayo ni ya mtu wa kadiri, ya pili haikuandikwa popote, nayo ni ya tajiri. Mustang ina injini ya silinda 8, lita 5 na nguvu za farasi 480, na mwundaji wake huahidi kwa maandishi kuitengeneza bila malipo kwa miaka 3 au maili 36,000, na injini yake pamoja na giaboksi kwa miaka 5 au maili 60,000, litakalotangulia kati ya muda na mwendo.

Je, aendeshaye Bentley aliyoipata kwa bei ya Mustang anawadanganya wamwonao? Thorstein Veblen, katika kitabu alichokitoa mwaka 1899 juu ya tabaka la wenye nafasi, alionyesha kwamba vitu vya fahari havinunuliwi kwa matumizi yake tu. Hununuliwa pia viwe ushahidi wa mali mbele ya majirani. Ikiwa motokaa ni ushahidi, basi shahidi huyu asema jambo lisilokuwako. Walakini shitaka hili ni jepesi kuliko linavyoonekana. Immanuel Kant, ambaye hakuna awezaye kumshuku kuwa aliupenda uongo, aliwafundisha wanafunzi wake wa Königsberg kwamba mtu afungaye mizigo yake ili watu wadhani anasafiri hajasema uongo, maana hakutoa tamko lolote, wala watazamaji hawana haki ya kumdai. Motokaa ni mzigo wa namna hiyo. Mpita njia aonaye mbawa za chapa ya Bentley, akahesabu akilini mwake fedha zisizokuwapo, hesabu ni yake na kosa ni lake. Yuko mtu mmoja tu asiye na ruhusa ya kukosea hesabu ile, naye ni mnunuzi mwenyewe.

Tena uzuri haukuumbwa uwe mali ya mmiliki wa kwanza peke yake. Mlango wa nakshi katika nyumba kongwe ya Lamu hautii aibu kwa kuwa aliyeuagiza amekwisha kufa na anayeufungua kila asubuhi ni mtu wa nasaba nyingine. Mkono ulioshona ngozi za Crewe ulifanya kazi ya kudumu, na kuiacha ioze kwa sababu matajiri wameichoka ni ubadhirifu. Mnunuzi wa kadiri anayeipenda kazi ile hana la kutubia. Lakini mlango hutaka mafuta na kinga dhidi ya mchwa, na haki ya kuufungua huja pamoja na wajibu wa kuutunza.

Hapa ndipo penye kosa la kweli, mbali na macho ya wapita njia. Aliyeitoa akiba yake yote katika bei ya kwanza hana kitu cha kulipia ya pili. Taa ya manjano ikiwaka mbele yake, huahirisha. Na kuahirisha kwake kuna utaratibu wa ajabu: kinachoonekana hupata fedha, kisichoonekana hukosa. Motokaa huoshwa kila Jumamosi na ngozi hupakwa dawa, ilhali breki hungoja mwezi ujao na matairi hungoja mwaka ujao. Uzito wa Bentley ile unakaribia kilo 2,400. Mtoto avukaye barabara hakuwako siku ya mapatano ya bei, wala hakuulizwa. Lakini siku breki zikikataa yeye ndiye aletewaye hesabu. Aliyekuwa akijidanganya peke yake sasa amekuwa mdeni wa watu asiowajua.

Akishindwa kabisa, huuza. Wamarekani huiita motokaa mbovu isiyojulikana ubovu wake limau, na George Akerlof aliandika makala mashuhuri juu ya malimau hayo mwaka 1970, ambayo ni miongoni mwa kazi zilizompatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Hoja yake ni kwamba muuzaji anaijua motokaa yake na mnunuzi haijui. Kwa kutojua, mnunuzi hutoa bei ya katikati. Bei hiyo haimridhishi mwenye motokaa nzuri, naye hujitoa. Sokoni hubaki mbuzi walio katika magunia. Sheria ilijaribu kusaidia. Tangu mwaka 1958, kwa sheria ya Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, kila motokaa mpya hubandikwa karatasi ya bei na maelezo yake. Iliyotumika ilingoja hata mwaka 1985, na karatasi yake husema hasa kama ina dhamana au yauzwa kama ilivyo. Kanuni hiyo huwafunga wafanyabiashara. Mtu auzaye motokaa yake mwenyewe mlangoni pake kwa kawaida hafungwi nayo. Aliyeahirisha miaka mitatu kisha akanyamaza siku ya kuuza hawezi kumwita Kant kuwa shahidi wake, kwa kuwa mnunuzi amemuuliza uso kwa uso, na jibu analidai kwa haki.

Isidhaniwe kwamba Mustang imetakasika kwa upya wake. Imesema kweli juu ya bei, haijasema kweli juu ya haja. Farasi 480 katika barabara ambazo mwendo wake wa mwisho aghalabu ni maili 65 au 75 kwa saa ni nguvu isiyoweza kutumika yote bila kuvunja sheria, na nguvu iliyofungwa hutafuta mahali pa kutokea: katika taa za njia panda, katika ngurumo ya usiku wa manane mtaani ambamo wagonjwa wamelala. Mwenye Bentley hutamani kudhaniwa tajiri. Mwenye Mustang hutamani kuogopwa, na tamaa ya pili ina hatari ya karibu zaidi. Na dhamana ya miaka 3 ina mwisho. Mustang nayo itaingia sokoni siku moja, na mwenyewe ataulizwa maswali yale yale.

Hata hivyo, mtu ambaye dola 45,000 ni akiba yake yote apaswa kuichukua Mustang, kwa sababu madeni yatakayomfuata ni ya kiasi cha mkono wake. Bentley inamfaa yule atakayeinunua kwa 30,000 na kuziweka 15,000 zilizobaki kando kwa ajili ya fundi, bila kuzigusa kwa karamu wala kwa rangi mpya. Huyo amelipa bei zote mbili, na cheo alichopanda ni chake. Mtu wa namna hiyo hatambuliki kwa jinsi anavyouzunguka mwili wa motokaa akiusifu. Huomba kwanza faili la risiti, akaketi nalo, akapindua kurasa mwaka baada ya mwaka. Akikuta miaka miwili haina risiti, huuliza. Na muuzaji akijibu kwamba miaka ile motokaa ilikuwa nzima haikuhitaji kitu, hulifunga faili, hushukuru, akaenda kutazama nyingine.